Taya la Mchumba wa Mama

Siti, muuza vitenge wa soko la Kasulu, alikuwa akisema kila siku kwamba ulimi wa bintiye Asmahani utamkosesha mume. Asmahani alikuwa na miaka thelathini na moja na hajaolewa, kwa hiyo ushahidi ulikuwa upande wa mama. Lakini mama mwenyewe alikuwa mjane mwaka wa tisa, na ulimi wake ulikuwa mtamu kama halua, basi binti alijibu kwamba huenda kosa si la ndimi, ni la waume. Waliishi wawili hao katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya msikiti, wakipendana na kuchokozana, kila mmoja akidhani anazijua siri zote za mwenzake.

Asmahani alikuwa tabibu wa meno. Alifanya kazi katika kliniki ndogo karibu na stendi, mali ya Mzee Anania, Muha wa Heru Juu aliyekuwa ameng'oa meno ya watu kwa miaka thelathini na kujenga mkono ambao, walisema wagonjwa, ukikushika taya hata dhambi za ujana zinatoka. Mzee huyu alikuwa amenunua mashine ya eksirei iliyotumika kutoka kwa daktari mmoja wa Mwanza aliyekuwa anafunga kazi. Aliipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Kila jioni aliifunika kitambaa cha kufuma. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba picha zake hakujua kuzisoma. Au tuseme alijua nusu. Alikuwa anatafuta tundu. Akiliona anang'oa, asipoliona anampa mgonjwa mkono na kumtakia safari njema.

Asmahani aliajiriwa kwa ajili ya nusu iliyobaki. Tangu chuoni, wenzake walipokuwa wakikodolea meno, yeye alikuwa akitazama mfupa. Kwenye eksirei ufizi hauonekani. Ni nyama, na miale inaupita kana kwamba haupo. Kinachobaki ni jino jeupe na mfupa wa kijivu ulioukumbatia mzizi wake, na mfupa haukufundwa kuficha mambo. Kwa mtu mzima mwenye afya, ukingo wa mfupa unapanda hadi karibu na shingo ya jino, pakabaki nafasi ya upana wa punje ya mchele basi. Ukiwa chini ya hapo, kuna jambo. Mwenye kinywa anaweza kuwa anacheka kama mwezi wa kumi na nne, huku chini kumeshaliwa.

Jumanne moja ya kiangazi aliingia mzee wa Kibondo. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi hadi inakata, kofia ya viua, na manukato yaliyotangulia mlangoni kabla yake. Jina lake Mudathiri. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, misumari na mabati na saruji, na meno meupe, marefu, yaliyopangika, ambayo aliyaonyesha kwa kila aliyekuwa kwenye benchi la kusubiri kana kwamba nayo yanauzwa. Alikuwa amepanda basi la alfajiri kutoka Kibondo ingawa huko nako meno yanatibiwa. Sababu aliieleza mwenyewe alipokwisha kukaa kwenye kiti: Kibondo mtu akimeza kidonge asubuhi, adhuhuri anaombewa dua msikitini.

Kwenye fomu alijaza umri, miaka sitini na mmoja. Kisha akasema jino moja la mbele la chini linacheza kidogo. Alitaka ligandishwe upesi, maana alikuwa na shughuli ya heshima hivi karibuni.

Asmahani alimwangalia kinywani. Kwa macho ya mpita njia kilikuwa kinywa cha kusifiwa. Fizi zilikuwa kimya, hazikuvimba, hazikuvuja damu kwa kuguswa tu. Ni hapo ndipo alipotia shaka, kwa kuwa fizi zilikuwa kimya kupita kiasi, na rangi yake ilikuwa kama ya majivu. Alichukua kipimo, kile kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakiteremsha polepole kati ya ufizi na jino. Mahali penye afya kinazama mbili au tatu, kinagota. Kwa Mzee Mudathiri kilizama mpaka saba, na damu ikaja nyuma yake, nyeusi, taratibu, kama mdeni aliyekamatwa nyumbani.

Akamwuliza kama anavuta sigara. Mzee aliutazama mlango kwanza.

“Kidogo,” alisema. “Kwa siri. Watu wangu hawajui, na ningependa wasijue.”

Asmahani alimwambia yanayosemwa humu hayatoki. Moshi, alieleza, unaibana mishipa ya damu, hivyo ufizi wa mvutaji haulii hata ukiumwa. Unakaa kimya kama mtoto aliyevunja sahani. Kisha akampiga picha nne, akazisafisha, akazibandika kwenye kadi na kwenda nazo dirishani.

Alizitazama kwa muda mrefu. Matundu hayakuwapo hata moja. Lakini mfupa, ambao ulipaswa kupanda hadi shingoni mwa meno, ulikuwa umeteremka nusu ya mizizi, na kwa yale ya mbele ya chini zaidi ya nusu. Ukingo wake haukuwa na mstari, ulikuwa umechakaa na kufifia kama pindo la kanga ya miaka kumi. Ubavuni mwa mizizi kulikuwa na vijiba vyeupe kama miiba; huo ni ugaga, ukoga uliogeuka jiwe baada ya miaka ya kuachwa. Kwenye gego moja la kulia, pale mizizi miwili inapoachana, palikuwa na pembetatu nyeusi. Mfupa ulikuwa umeondoka hadi kwenye panda ya jino, na hapo mswaki wa kawaida haufiki.

Alianza kumweleza kwa mfano wa muhogo uliooshwa na mvua mpaka mizizi ikabaki nje, shina likiwa bado bichi. Mzee akasema yeye anauza misumari. Basi akampa wa msumari: msumari wenyewe mzima, hauna kutu, ila mbao iliyoushika imeliwa na mchwa. Jino likigandishwa litagandishwa kwa majirani yake, na majirani nao hawana pa kushika. Linalotakiwa ni kukwangua ugaga mpaka chini ya ufizi, awamu kwa awamu, kuacha sigara, kupima sukari, na kujifunza kupiga mswaki upya kama mtoto wa chekechea. Mfupa uliokwenda haurudi. Ila uliobaki unaweza kuokolewa.

Mzee Mudathiri alikuwa akitikisa kichwa kukubali, lakini simu yake ilikuwa imeshaita mara mbili, na mtu ambaye simu yake inaita husikia nusu. Alipotokea mapokezi akamkuta Mzee Anania, aliyezichukua zile picha, akaziinua kwenye taa na kufumba jicho moja.

“Tundu hakuna hata moja,” alisema Mzee Anania. “Mzee, una meno ya kijana.”

Mtu akipewa habari mbili huchukua iliyovaa vizuri. Mzee Mudathiri aliomba apewe picha zake, akapewa, ni haki ya mgonjwa. Akazitia kwenye bahasha ya kaki, akaahidi kurudi Jumanne ijayo, na hakurudi.

Asmahani alimpigia simu Jumatano, Ijumaa na Jumatatu. Mara ya kwanza alisema yuko sokoni. Mara ya pili alisema yuko safarini, ingawa nyuma yake mtu alisikika akiuliza bei ya bawaba. Ya tatu hakupokea. Kuhusu lile la kumwambia mgonjwa ana meno ya kijana, Asmahani alimwendea bosi wake na kumwambia, kwa heshima zote anazostahili mzee, kwamba ni sawa na kukagua nyumba kwa kutazama rangi ya kuta. Mzee Anania alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaenda kupangusa mashine yake ambayo haikuwa na vumbi.

Jioni ya Jumatano ile ya simu ya kwanza, wakinywa chai na mihogo ya kuchemsha, mama alitangaza jambo. Kulikuwa na mtu. Mfanyabiashara, mgane, mwenyeji wa Kibondo. Alikuwa amekuja kibandani kununua vitenge vya wakwe zake, akarudi, akarudi tena, mara nne katika mwezi mmoja. Siti alisema alishtuka pale alipogundua kwamba hakuna binadamu mwenye wakwe wengi kiasi hicho. Sasa mtu huyo ameleta habari kwa Abbasi, kaka yake Siti, kwamba angependa kuleta posa.

Akatoa simu, akaonyesha picha. Kanzu ile. Kofia ile. Na meno.

Asmahani alimeza kipande cha muhogo bila kukitafuna.

Mama aliendelea. Mtu wa miaka hamsini na miwili, alisema, tena haonyeshi hata hiyo. Mcheshi. Na la muhimu kuliko yote, sigara hajawahi kuigusa, ameapa. Asmahani alijua kwa nini hilo lilikuwa la muhimu. Marehemu baba yake alikohoa miaka mitatu mfululizo katika chumba cha pili, na mama alikuwa amemshikilia bakuli. Siku waliyotoka kuzika, alizikusanya sahani zote za majivu za nyumba ile akazifukia nyuma ya choo.

“Unamjua?” aliuliza mama. “Umenyamaza ghafla.”

“Kibondo ni kubwa, mama,” alisema Asmahani.

Halikuwa jibu, na wote wawili walijua, lakini mama alikuwa na furaha na furaha haina masikio. Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwa Asmahani kuliko mtihani wowote wa chuo. Kichwani mwake alikuwa na umri wa mtu yule, sigara zake na hesabu ya milimita za kila jino lake. Sentensi moja tu kwenye chai ingemaliza shauri. Na alitaka kuisema, tena alitaka sana, na si kwa ajili ya mama peke yake. Miaka tisa walikuwa wawili katika nyumba ile na hakuona haja ya kuongezewa kanzu. Hilo ndilo lililomzuia. Kama angekuwa na nia safi, aliwaza, pengine angekuwa na kisingizio. Lakini kuvunja siri ya mgonjwa kwa sababu ya wivu wa chumba cha mbele, anacholala mama, hapana, hata yeye na ulimi wake alikuwa na mahali pa kusimama.

Akafanya lililobaki. Alimwandikia Mzee Mudathiri ujumbe kwamba ugonjwa wake hausubiri, na kwamba kama ana shughuli ya heshima, ni vizuri wahusika wa shughuli wajue hali yake kutoka kinywani mwake mwenyewe. Jibu lilikuja siku ya pili: mikono miwili imeunganishwa, na ua waridi.

Posa ilikuja Jumapili baada ya swala ya alasiri. Mjomba Abbasi alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, na kwa kuzoea kupiga kelele juu ya mashine alikuwa akiongea na watu wote kana kwamba wako ng'ambo ya mto. Alikuwa ametoa sharti kwamba mchumba alete vyeti vya afya, kama wanavyotaka masheikh siku hizi, akijua wazi kwamba sharti la namna hiyo halijawahi kuwekwa kwa mwanamume wa rika lile na huenda likamkimbiza. Halikumkimbiza. Mzee Mudathiri aliingia na mshenga wake na mzee mwingine mmoja, akaketi mkekani, na baada ya salamu na dua na habari za mvua isiyonyesha akatoa karatasi ya kipimo cha damu. Abbasi akaisoma kwa sauti yote, nyumba ya tatu wakajua damu ya mzee ni salama.

Kisha, bila kuulizwa, akatoa bahasha ya kaki.

Asmahani alikuwa jikoni na sinia la vitumbua. Mama alikuwa ameketi chumbani, nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa, sikio likiwa limegusa kitambaa. Sebuleni, Mzee Mudathiri alikuwa anaeleza kwamba siku hizi watu wanadanganya umri, na kwamba meno, kama wanavyojua wanunuzi wa mbuzi, hayadanganyi. Hizi hapa picha za ndani ya taya lake, zimepigwa hapahapa Kasulu, na mtaalamu aliyezitazama amesema ni za kijana.

Mshenga alizipokea akasema zinafanana na mahindi. Yule mzee mwingine alisema ni mafuvu, akazirudisha haraka. Mjomba Abbasi alizishika juu chini, akazielekeza dirishani na kukunja uso, na kwa kuwa hakupenda kuonekana hajui kitu, akasema jambo hili lina mwenyewe ndani ya nyumba.

“Asmahani,” aliita. “Njoo usome.”

Alitoka na sinia. Mzee Mudathiri alimwona, akasimama nusu, kisha uso wake ukakunjuka kwa furaha ya kweli. Alisema, sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, kumbe daktari wake ndiye binti yake mtarajiwa. Asmahani aliweka sinia chini, akamsalimu shikamoo, akachuchumaa mbele yake ili aongee kwa sauti ya chini.

“Mzee wangu, picha hii ni yako. Mimi siisomi mbele za watu bila ruhusa yako, na ushauri wangu ni kwamba usinipe.”

Alisema kwa upole, lakini katika chumba kilichonyamaza upole unasikika mpaka uani. Mzee Mudathiri aliona wazee wakimtazama. Akasema ametoa ruhusa mbele ya mashahidi. Asmahani akamwuliza mara ya pili. Akajibu kwamba mwenye ng'ombe mzima haogopi mnada, na asome yote asibakize.

Basi akaichukua ile kadi, akasimama dirishani palipokuwa na mwanga. Alianza na la kwanza, kwamba matundu hayapo hata moja. Mzee akawageukia wenzake na kutabasamu. Asmahani alijua kwamba hapo angeweza kukaa chini. Kila neno alilosema lilikuwa kweli, wazee wangekula vitumbua, na uongo wote ungekuwa katika yale asiyoyasema.

“Kwa hiyo ni mzima,” alisema Abbasi.

“Meno ni mazima, mjomba. Kinachoyashika ndicho kinachokwisha.”

Akawaonyesha. Huu mweupe ni mzizi. Hii ya kijivu ni mfupa. Hapa ndipo ulipotakiwa kuwa, na hapa ndipo ulipo. Hivi vijiba ni ugaga. Weusi huu kwenye gego la kulia ni mahali ambapo hapana kitu tena. Akaongeza kwamba picha haisemi ya leo, inasema yaliyokwisha kupotea. Kama ugonjwa unaendelea au umelala, hilo linajulikana kwa kipimo na kwa damu ya ufizi. Alisema kama anavyosema kazini, bila kejeli, na kejeli alikuwa nayo ya kutosha. Kila mmoja alikuwa ameanza kujipapasa meno kwa ulimi, mashavu yakitembea. Mshenga alikuwa ameingiza kidole kabisa.

Abbasi akauliza ugonjwa huo unatoka wapi. Asmahani akasema una milango mingi: ukoga ulioachwa, sukari, tumbaku, na wengine wanarithi. Mlango wa mzee ni upi, mwenyewe anajua.

Mzee Mudathiri alikuwa ameanza kutoka jasho. Aliinama kumwelekea, akaongea kwa kile alichodhani ni mnong'ono.

“Daktari, na sigara nayo inaonekana hapo?”

“Haionekani, mzee,” alisema Asmahani. “Umeitaja wewe.”

Nyuma ya pazia kitu kilianguka, kikombe pengine. Mzee alikitazama kitambaa kile kwa muda. Kisha akavua kofia na kuiweka gotini, na kwa mara ya kwanza tangu Asmahani amjue akafunga mdomo meno yasionekane. Alipoufungua, alisema anavuta tangu ana miaka kumi na tisa. Alijaribu kuacha mkewe alipofariki akashindwa, akajaribu alipomwona Siti akashindwa pia, na badala ya kuacha sigara akaona ni rahisi kuacha kusema. Na kwa kuwa amekwisha kulowa, ataoga kabisa. Hana miaka hamsini na miwili, ana sitini na mmoja.

Abbasi alivuta pumzi ya kuanza hotuba. Pazia likafunguliwa na Siti akatoka, jambo ambalo mwanamke anayeposwa hafanyi, na mshenga akashusha macho kwa adabu kisha akayapandisha tena ili asipitwe.

Siti hakumtazama kaka yake. Alimwambia Mzee Mudathiri kwamba ya umri hayamsumbui. Yeye mwenyewe alimwambia ana arobaini na sita, na kama mzee angekuwa hodari wa hesabu angemtazama binti huyu wa miaka thelathini na moja akajiuliza kama alizaliwa na mtoto wa shule. Ana hamsini na nane. Abbasi, aliyekuwa mkubwa wake kwa miaka miwili na siku zote alijitangaza wa hamsini, akaanza kukohoa.

“Lakini sigara uliniapia,” alisema Siti. “Mimi nimeshika bakuli miaka mitatu. Sishiki tena.”

Mzee alisema anajua. Siti akamgeukia bintiye, akauliza kama ugonjwa ule unatibika. Asmahani akasema unasimamishwa, kwa kazi. Akauliza muda gani. Miezi sita, alijibu, ndipo picha nyingine iweze kusema kitu. Na mvutaji asiyeacha, je? Huyo, alisema Asmahani, ni kufagia huku upepo unavuma.

Siti akafikiri kidogo, akatoa hukumu ambayo haikuwamo katika mila ya Waha wala ya watu wa pwani. Posa haikataliwi wala haikubaliwi. Imeahirishwa hadi picha ya pili. Kisha akawaambia wale vitumbua, vinapoa. Wakala, wakitafuna kwa uangalifu mkubwa.

Asmahani alidhani hatamwona tena Mzee Mudathiri. Jumanne saa nne asubuhi alikuwa kwenye benchi, bila manukato. Awamu ya kwanza ilichukua robo moja ya kinywa, sindano ya ganzi na saa nzima ya kukwangua. Ugaga ulitoka vipande vyeusi, akaomba kuviona, akavitazama kama mtu anayetazama kokoto alizozibeba kiatuni miaka ishirini. Jino la mbele lililokuwa likicheza halikuwa na la kufanyiwa. Mzee Anania aliling'oa kwa vidole viwili, bila hata kukunja mkono wa shati, na akamwomba radhi kwa yale ya meno ya kijana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa yeyote pale kumsikia akimwomba mtu radhi. Kuanzia wiki ile akawa anabaki saa ya chakula, anaweka picha za zamani dirishani, anamwuliza Asmahani mfupa unaishia wapi, na mara nyingi anakosea.

Sukari ilipimwa ikakutwa sawa. Sigara ilikuwa vita. Mwezi wa pili Mzee Mudathiri alifika ananuka karafuu kutoka kichwani mpaka miguuni, na kipimo kiliposhuka Asmahani akamwambia karafuu ni nzuri lakini ufizi wake unasema alivuta Jumamosi. Alikuwa anabahatisha. Mzee akakiri, ilikuwa Jumapili.

Jambo moja hakulitarajia. Mtu aliyefunguliwa kinywa na kujazwa pamba hawezi kujisifu. Anaweza kuguna tu, na katika miguno ya miezi ile Asmahani alianza kumwelewa. Ganzi ilipokuwa inaisha na ulimi wake bado mzito, alizungumza juu ya marehemu mkewe, jinsi alivyokuwa akificha sigara kwenye boksi la misumari ya nchi sita na mkewe akijua na kunyamaza, na kwamba kunyamaza kule kulimuuma kuliko ugomvi. Alizungumza juu ya Siti pia, kwa maneno machache na bila kuonyesha meno. Mara moja, akiwa anamfunga kitambaa shingoni, Asmahani alijikuta anamwambia kwamba baba yake naye, alipokwisha kuugua, alikuwa akificha sigara. Hakuendelea, na mzee hakumchimba.

Mwezi wa nne fizi zikaanza kuvuja damu kirahisi, mzee akaogopa. Asmahani akamweleza ni habari njema, mtoto aliyevunja sahani ameanza kulia. Moshi umeondoka, mishipa imefunguka. Mwezi wa tano damu ikapungua. Mwezi wa sita kipimo kilizama tatu mahali pengi, nne hapa na pale, na tano kwenye lile gego la kulia ambalo halikutaka urafiki na mtu.

Alipiga picha nne nyingine, akaziweka dirishani pamoja na zile za kwanza. Mfupa ulikuwa palepale. Haukupanda. Mzee alisimama nyuma yake na kuuliza kwa wasiwasi kama miezi yote ile imekwenda bure. Asmahani akamwonyesha ukingo. Pale palipokuwa pamefifia kama pindo la kanga iliyochakaa, sasa palikuwa na mstari mwembamba mweupe, safi, unaofuata mfupa kutoka jino hadi jino. Mfupa unaoliwa hauna mstari ule. Mfupa uliotulia unauweka.

“Haujaongezeka,” alisema. “Umeacha kupungua. Kwa umri wako, mzee, hiyo ndiyo habari kubwa.”

Aliuliza kama anaweza kuipeleka mwenyewe sokoni. Asmahani akasema ni picha yake. Kutoka mlangoni mwa kliniki alimwona akishuka taratibu kuelekea vibanda vya vitenge, bahasha mkononi, pengo mbele. Hakumfuata. Alipofika nyumbani jioni hakuuliza, na mama hakusema, ila alikuwa anaimba jikoni kitu ambacho Asmahani hakukisikia tangu akiwa mtoto, na muhogo uliungua.

Siku tatu baadaye mama alimwuliza kama angeridhika. Asmahani alijibu kwamba gego la kulia lingali linamtia wasiwasi. Mama akasema hakuuliza habari za gego. Basi binti akatafuta ndani yake ule wivu wa chumba cha mbele na kuukuta bado upo, mdogo, umejikunyata. Akasema ataridhika, ilimradi mama asihamie Kibondo. Mama akashangaa nani amezungumza juu ya kuhama. Kibanda chake kiko Kasulu, na mwanamume mwenye haja ya mke anajua basi linapanda wapi.

Ndoa ilifungwa Ijumaa baada ya swala, watu wachache, hotuba moja tu, nayo ya Abbasi, ikasikika mpaka Murubona. Huko sokoni ilikwisha kuenea kwamba Abbasi anataka picha za taya kwa kila atakayeleta posa katika ukoo wake, na vijana wawili walikuwa wamekwisha kufika kliniki wakiwa wamefunga midomo. Bwana harusi aliletewa sahani ya pilau ya nyama ya mbuzi. Akala kwa upande wa kushoto tu, polepole, akitafuna kila kipande mpaka mwisho, na Siti akamsubiri.